Msanii akishatangulia, nimkumbukeje redioni? Jibu kwa mdogo wangu wa Igoma

Swali lenyewe lilikuwa hivi: "Shikamoo dada. Naishi Igoma hapa Mwanza, najitolea kwenye redio moja ya hapa hapa mjini, nimepewa nusu saa ya Jumamosi jioni nifanye kipindi cha kuwakumbuka wasanii na watangazaji waliotangulia mbele za haki. Naona kila msanii akifa tunaweka picha yenye mshumaa kwenye statasi, tunaandika pumzika kwa amani, wiki ikiisha na yeye kaisha. Niseme nini ambacho hakijasemwa? Niwachague kina nani? Na je ni sawa kuzungumzia alivyokufa, madeni yake, pombe na hayo mengine?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hiyo nusu saa, maana kuna watu wako redioni miaka na miaka na hawajawahi kupewa muda huo wa kumzungumzia marehemu mmoja kwa utulivu. Mi kazi yangu kubwa imekuwa hii hii ya kuandaa tanzia na vipindi vya kumbukumbu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na nitaanza na hilo la niseme nini kwa sababu ukilipata hilo, yale mengine mawili karibu yote yanajijibu.

Tatizo letu ni kwamba tunakumbuka kifo, hatukumbuki kazi. Chukua Steven Kanumba. Mtoto wa kanda ya ziwa huyu, kazaliwa Shinyanga Januari 8, 1984, kafariki Dar es Salaam Aprili 7, 2012, miaka 28 tu. Sasa wewe nenda pale Kirumba Mwaloni simamisha watu waulize wanamkumbukaje Kanumba, utasimuliwa usiku ule wa Sinza alikofia, utasimuliwa kesi ya kifo chake, utasimuliwa umati wa Leaders alipoagwa watu wanazimia ovyo, na wengine watakuongezea na mambo ya ushirikina ambayo hayana kichwa wala miguu. Alafu waulize alikuwa anaigizaje. Kwa nini mama na dada zetu walikuwa wanasahau ugali jikoni. Hapo ndo utaona mtu anaanza kutafuta maneno, na hatafuti kwa sababu hajui, anatafuta kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na vya kusema vipo tele. Kanumba alitokea kundi la Kaole, watu wakamjua kupitia tamthilia za ITV, wakati huo familia nzima inakaa sebuleni kwa jirani mwenye TV, alafu akaja kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kwenye bongo muvi kuvuka mpaka na kucheza na Wanigeria wakubwa, kina Mercy Johnson na baadae Ramsey Nouah, kipindi ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunaamini filamu ni ya Nigeria na yetu ni maigizo. Alafu angalia alivyokuwa anacheza na watoto, wale wawili tuliowazoea kwa majina ya Jennifer na Patrick. Watu wazima wengi wakiigiza na mtoto wanamfanya mtoto awe pambo, anaingia anasema shikamoo anatoka. Kanumba alikuwa anamwachia mtoto tukio lote, yeye anakuwa wa kujibu tu, anashangaa, anakasirika, anashindwa, na mtoto ndo anakuwa bosi wa hiyo sini. Hicho ni kitu unaweza kumwambia msikilizaji kwa sekunde arobaini na akamwona Kanumba mbele yake, na hujagusa msiba hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: kifo kipe sentensi moja, sentensi mbili zikizidi sana. Lini, wapi, na sababu kama ilivyotangazwa na familia au hospitali. Kama kulikuwa na kesi, sema mahakama iliamua nini na mwaka gani, songa mbele. Ya Kanumba Mahakama Kuu ilihukumu mwaka 2017, imeisha, huna sababu ya kuifungua upya Jumamosi jioni watu wanakula.

Sasa nikuonyeshe kwa mfano maana maneno matupu hayasaidii. Tuseme unamwandika Ephraim Kibonde, mtangazaji wa Jahazi, kipindi cha jioni cha Clouds FM. Wengi wataandika hivi: "Tutamkumbuka marehemu kwa ucheshi wake, upendo wake kwa watu wa rika zote, na pengo lake halitazibika." Hebu toa jina la Kibonde hapo weka jina la mtu yeyote unayemjua aliyefariki, mwalimu, fundi, mjumbe wa nyumba kumi. Linakaa. Ukiona sentensi inamkaa kila mtu jua hiyo sentensi haimhusu mtu yeyote, ifute.

Sasa jaribu hivi: "Saa ile watu wanatoka kazini, daladala imejaa mpaka mlangoni, dereva anaongeza sauti ya redio, aliyekuwa anaongea kwenye Jahazi ni Kibonde. Mwaka 2019 mwanzoni mwa Machi alisafiri kuja upande huu wa ziwa kumzika bosi wake Ruge Mutahaba pale Bukoba, na kwenye shughuli ile ya kumuaga Ruge yeye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akashika kipaza sauti akiwa na majonzi yake mwenyewe. Akaugua akiwa huku huku. Machi 7 akafia hapa Mwanza." Umeona tofauti? Hapo msikilizaji wa Buhongwa anasimama na sahani mkononi, kwa sababu wengi wamesahau kabisa kwamba Kibonde pumzi yake ya mwisho aliivuta ndani ya mji huu. Na hujamsifia hata neno moja. Ukitaka kuongeza, ongeza kwamba Gardner G. Habash waliyekuwa wanakaa nae kwenye kipindi hicho hicho na yeye katangulia Aprili 2024, kwa hiyo kuna sauti mbili za jioni moja ambazo sasa hivi ni rekodi tu. Kwa mtu aliyesikiliza Jahazi miaka ile hilo peke yake linatosha.

Ruge mwenyewe lazima umfikirie, maana amelala Kagera, ng'ambo tu hapo. Alifariki Februari 26, 2019 Afrika Kusini alikokuwa anatibiwa figo, akazikwa Bukoba Machi 4. Watu wanamkumbuka kama bosi wa Clouds na msiba wake ulivyokuwa mkubwa kuanzia Dar mpaka Bukoba, lakini mimi ningekushauri umwingilie kwa THT, Tanzania House of Talent, nyumba ile ya vipaji aliyoijenga. Barnaba, Mwasiti, Linah, Nandy, hao wote wamepita kwenye ile nyumba, na watu kama hao walifundishwa kuimba na bendi, laivu, kwenye zama ambazo msanii alikuwa anapanda jukwaani na CD anafungua mdomo tu. Hiyo ndo kazi ya Ruge unayoweza kuisikia kwa masikio, unapiga wimbo wa mmoja wao unasema sikilizeni hapa anavyovuta pumzi, kuna mtu alijenga mahali pa kujifunzia hiki. Na usimfanye malaika pia. Wapo wasanii wakubwa waliogombana nae hadharani, na hiyo ni historia ya bongo fleva yetu, ukiificha wasikilizaji wanaojua watakuona muongo na hata yale mazuri uliyosema hawatayaamini.

Kuhusu uchague kina nani: usisome orodha. Nakuomba sana hapa. Nusu saa ukitoa matangazo na salamu inabaki dakika ishirini na kitu, ukisoma majina kumi na tano unatangaza kama mtu anayeita abiria waliosahau mizigo. Chukua watatu. Na kwa kuwa uko Mwanza, chukua watu ambao wana uzi unaofika ziwani, maana Dar wanakumbukwa na Dar, sisi tusipokumbuka wa kwetu hakuna mwingine.

Mmoja ambaye ningemweka mimi bila kufikiria mara mbili ni D. O. Misiani. Daniel Owino Misiani, wa Shirati, huko Rorya mkoa wa Mara, kazaliwa 1940. Akavuka Kenya na gitaa, akaunda bendi akaipa jina la nyumbani kwao, Shirati Jazz, na mpaka leo anatajwa kama mmoja wa baba wa benga yenyewe, ule muziki wa magitaa wa kanda ya ziwa. Alikuwa anaimba siasa kwa mafumbo, akakamatwa, nyimbo zake zikapigwa marufuku, na hakuacha. Akafariki kwenye ajali ya gari Kisumu Mei 17, 2006. Kenya wanamhesabu wao, na wana haki kwa sababu kazi yake aliifanyia kule, lakini inaniuma kwamba mtoto wa Mwanza anaweza kumaliza chuo pale Malimbe, kasomea utangazaji kabisa, na hajawahi kuambiwa kwamba mtu huyu alizaliwa ndani ya Tanzania, ufukwe wa ziwa hili hili analoliangalia kila siku. Weka gitaa lake sekunde ishirini kabla hujasema chochote. Lile gitaa la pili linavyokimbizana na la kwanza, besi inapanda juu badala ya kukaa chini, mzee yeyote aliyewahi kuishi Musoma au Tarime atajua ni nani kabla hujataja jina.

Na ukishakuwa ziwani mpaka unapotea. Ayub Ogada wa Kenya, yule mpiga nyatiti, zeze la Kijaluo, kafariki Februari 1, 2019 Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Mowzey Radio wa Uganda, nusu ya Radio na Weasel, kafariki Februari 1, 2018 baada ya kuumizwa kwenye ugomvi baa moja Entebbe. Paul Kafeero wa kadongo kamu, muziki wa gitaa na hadithi wa Uganda, aliyeimba kuhusu kifo chenyewe mpaka wimbo wake ukawa unapigwa misibani, na yeye kikamchukua Mei 2007 akiwa bado kijana. Hawa wote maji yao ni haya haya. Sikuambii uwaweke wote, nakuambia una hazina, usijinyime.

Kwa upande wa dansi ningemchukua King Kikii. Kwanza jina lake halisi Kikumbi Mwanza Mpango, sasa mtangazaji wa Mwanza ukianza na jina hilo nani atabadilisha stesheni? Alizaliwa Kongo, upande wa Lubumbashi, akaja kwetu na akawa wetu, kapita bendi ya Maquis, kapita OSS, na akatuachia Kitambaa Cheupe, wimbo ambao ukipigwa kwenye harusi yoyote nchi hii wazee wanatoa leso mfukoni bila kuambiwa. Alifariki Novemba 2024. Hapo usihangaike kueleza umuhimu wake. Nenda kwenye harusi moja kabla ya kipindi na simu yako, omba ruhusa kwa wenye shughuli, rekodi dakika moja ukumbi unapoitikia wimbo ule, lete studio. Rekodi ile ina viatu, ina vigelegele, ina mtu anapiga kelele "rudia hapo!", na hiyo ndo kumbukumbu ya King Kikii, kuliko wasifu wowote utakaosoma.

Nikupe na mfano wa nyumbani kabisa wa namna hii ya kukumbuka kwa kazi, maana hatujaanza leo. Wasukuma wanasimulia juu ya Ngika na Gumha, wale mahasimu wawili wa ngoma wa zamani. Wameshakufa miaka mingi sana, hakuna picha yao, hakuna sauti yao, lakini nenda Bujora pale Kisesa msimu wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya mwezi wa sita, utakuta Bagika wa Ngika upande huu Bagalu wa Gumha upande ule, watu maelfu wamegawanyika, fisi huyo, chatu huyo, bugobogobo hilo na majembe yanarushwa hewani. Wanaocheza hawaombolezi. Wanashindana kama walivyoshindana wale wawili. Kwa hiyo kipindi chako kikimfanya kijana wa Mabatini aende kujaribu lile gitaa la Misiani, au akamwangalie tena Kanumba kwa jicho la kujifunza kuigiza, umemkumbuka marehemu vizuri kuliko mshumaa.

Sasa namna ya kupata habari zenyewe. Wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini ni mwanzo mzuri kwa sababu una tarehe na jina halisi, lakini utakuta shule ya msingi ina mistari minne na muziki wa miaka thelathini una mstari mmoja. Hiyo usiishie hapo. Tafuta watu waliofanya nae kazi ambao hawajulikani, mpiga besi, mchukua picha, dereva wa bendi, mpodoaji, mtu wa mlangoni. Hao hawajachoka kuhojiwa na hawana sura ya kulinda. Na usimuulize "unajisikiaje kumpoteza", kila mtu atakujibu "tumepoteza jembe" na hapo umekwama. Muulize vitu vya mikono na miguu. Alikuwa anafika mazoezini saa ngapi? Akikosea anafanyaje? Akikosea mwingine? Nani alikuwa anabeba spika? Kabla ya kupanda jukwaani anakula au hali? Wimbo ulianza na maneno au na gitaa? Mtu akishaanza kujibu hayo sauti yake inabadilika, anaanza kucheka, anaanza kumwigiza marehemu anavyoongea, na hapo ndo unarekodi na unakaa kimya kabisa.

Tarehe hakikisha sehemu mbili. Jina halisi na jina la kazi andika vyote, mchekeshaji King Majuto ni Amri Athumani, rapa Ngwair ni Albert Mangweha, kwa sababu kuna ndugu yake ataskiliza ambaye hajawahi kumwita Ngwair maishani mwake. Na kwa bendi za zamani kumbuka nyimbo nyingi zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam kwa kuwa studio za watu binafsi hazikuwepo, kanda ziko TBC, mtu wa maktaba pale ukimuomba kwa heshima na kwa barua ya kituo chako anaweza kukusaidia tarehe ya kurekodi na majina ya waliopiga.

Hili la uvumi nitalisema kwa ukali kidogo. King Majuto alivumishiwa kifo na mitandao zaidi ya mara moja akiwa hai kitandani, anapumua, familia inapigiwa simu za rambirambi. Alipofariki kweli, Agosti 8, 2018 pale Muhimbili, kuna watu hawakuamini kwa sababu walishadanganywa. Hicho ni kitu cha kikatili sana kumfanyia mgonjwa na watoto wake. Kwa hiyo wewe hata kama grupu zote za WhatsApp zimeandika, hutangazi mpaka umeongea na msemaji wa familia au taarifa rasmi imetoka, hata kama kituo cha jirani kimekutangulia saa zima. Na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, usije ukaingia hapo kwa tamaa ya kuwa wa kwanza.

Nakuja kwenye la tatu, madeni, pombe, magonjwa. Kipimo changu ni kimoja: yeye mwenyewe alilisema? Mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda alirudi nyumbani kutoka Sweden, mwaka 1989 akasimama akasema nina ukimwi, wakati ambapo neno lenyewe watu walikuwa hawalitamki, akazunguka mashuleni na makanisani akiwa anadhoofika machoni pa watu, Desemba 15 mwaka huo huo akafariki. Sasa ukimzungumzia Lutaaya ukaruka ugonjwa kwa kuona aibu kwa niaba yake, umemnyang'anya kitu kikubwa kuliko vyote alivyofanya. Rapa Langa Kileo wa kwetu nae aliongea wazi wazi kuhusu madawa ya kulevya na alivyopambana kuacha, aliongea ili vijana wasikie, kwa hiyo na wewe unaweza kuongea. Lakini kama marehemu hakusema, familia haikusema, na wewe umesikia tu kwa mtu aliyesikia kwa mtu, acha. Marehemu hana nafasi ya kukupigia simu studio akusahihishe. Mwenye nafasi ya kusikia ni mwanae ambaye kesho anaenda shule.

Kuna jambo moja la pesa ambalo lazima ulizungumze, na hili si umbea hata kidogo. Wasanii wetu wengi wanakufa kazi zao zinaendelea kuingiza hela na familia haioni. Kabla King Majuto hajafariki aliyekuwa waziri wa habari wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo, kwa sababu ilikuwa imeonekana mzee amefanya matangazo mengi na hali yake haifanani nayo. Sema hilo, ni kumbukumbu ya wazi. Alafu mwambie msikilizaji kwamba kwa sheria yetu ya hakimiliki, Namba 7 ya 1999, haki kwenye tungo inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Kenya Januari 1979. Piga hesabu, mpaka mwaka 2029 tungo zake bado zina wenyewe. Kwa hiyo familia ikishamaliza arobaini ifuate utaratibu, cheti cha kifo RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na wakiorodhesha mali pamoja na kiwanja na pikipiki waandike na nyimbo, waandike na filamu, waende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waulize kama zilisajiliwa. Watu wanaandika mpaka kabati, nyimbo mia wanaziacha. Na mwenye barua ya mahakama ndo anaweza kukaa na mtu anayetumia wimbo wa marehemu kwenye tangazo akamuuliza mkataba uko wapi. Ukitoa dakika tatu kwa hili, na ukimwita wakili mmoja wa hapa mjini alieleze kwa lugha nyepesi, kipindi chako kitakuwa kimesaidia nyumba ambazo wewe huzijui. Na hakikisha kituo chenu chenyewe kimelipia leseni ya kupiga muziki, usije ukahubiri haki ya marehemu huku mnapiga kazi yake bure.

Picha za mwili kwenye jeneza, video za hospitali, sauti ya mama yake analia, hivyo usiweke, hata kama meneja wa mitandao atakuambia vinavuta watu. Sauti ya marehemu mwenyewe akiongea ni sawa na ni nzuri mno, ila kama hata arobaini haijafika ipigie familia kwanza uwaambie mtaisikia saa fulani, maana kuisikia sauti ya mtu wako ghafla kwenye daladala si jambo dogo.

Kitu kingine anza sasa hivi kuwarekodi walio hai. Wazee wa bendi wapo hapa Mwanza, mamanju, wale viongozi wa ngoma wa Kisukuma, wapo Magu, Misungwi na Kwimba, watangazaji wa kwanza wa redio binafsi za hapa baadhi ndo wanastaafu. Nenda na simu, funga dirisha, zima feni, weka simu karibu na mdomo wake kama shibiri mbili hivi, mwache aongee saa nzima. Ukimaliza andika jina, tarehe na mahali kwenye faili lenyewe, usiache liitwe "rekodi mpya 47", na nakala weka sehemu mbili, fleshi moja na barua pepe moja, kwa sababu simu zinaibiwa. Siku akitangulia utakuwa na sauti yake anasimulia mwenyewe, na hutahitaji kuuliza niseme nini.

Kwa Jumamosi hii, ukinisikiliza mimi: anza na gitaa la Misiani bila salamu, dakika saba zake, na uwe na mtu mmoja wa Mara anayekumbuka dansi lake. Ingia Kibonde na Ruge kwa pamoja kwa sababu hadithi yao ni moja na imeishia huku kwetu, hapo weka na wimbo mmoja wa mtoto wa THT. Dakika tatu za mirathi na hakimiliki. Malizia King Kikii na ile rekodi ya harusini, na usiongee juu yake, iache iishe yenyewe. Kanumba mtunzie wiki ijayo peke yake, akitafutiwa mtu wa Shinyanga aliyemjua kabla ya TV, maana yeye hafai kubanwa dakika tano. Andika kila neno utakalosema kwenye karatasi, soma kwa sauti ukiwa nyumbani, kila sentensi inayoweza kumkaa mtu mwingine ikate. Ukishaandika nitumie kurasa za mwanzo Alhamisi jioni nikuangalizie tarehe.